ESP32 Inajizima na Kujiwasha Kila Pampu Ikianza: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Mradi ni huu: bodi ya ESP32 DevKit (kompyuta ndogo ya chipu moja yenye Wi-Fi), sensa ya unyevu wa udongo, rilei ya 5V (swichi inayowashwa kwa umeme) na pampu ndogo ya kumwagilia mchicha au miche ya nyanya, vyote vikila umeme wa chaja moja ya simu. Kila kipande ukikijaribu peke yake kinafanya kazi. Ukiviunganisha, rilei inalia, pampu inataka kuzunguka, taa ya bodi inafifia, kisha kila kitu kinaanza upya. Au mfumo unakwenda vizuri mchana kutwa, halafu usiku unajiwasha upya na hakuna anayejua kwa nini.

Wengi hapo hukimbilia programu: wanaongeza muda wa kusubiri, wanabadilisha maktaba, wanafuta na kuandika tena. Programu iache kwanza. Hitilafu inayotokea pale mzigo (pampu au rilei) unapowaka karibu kila mara ni ya umeme, na umeme unapimika. Soma bodi inasema nini, pima volteji mzigo ukiwa kazini, tenga kipande kimoja kimoja, ndipo ushike vifaa vya kurekebisha.

Vya kuwa navyo mezani

Multimeta ya kawaida ya dijitali, kebo ya USB inayopitisha data (nyingine ni za kuchajia tu, na kompyuta haitaiona bodi), chaja ya 5V ya 2A au zaidi, kapasita moja ya 1000 µF ya 10V au 16V, kapasita mbili tatu za 100 nF ambazo mgongoni zimeandikwa 104, dayodi ya 1N4007, betri nne za AA na kibebeo chake, na nyaya laini za 0.5 mm². Ukiondoa mita na chaja, hivi ni vipuri vya bei ndogo na maduka ya elektroniki ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, huwa navyo.

Maelezo haya ni ya pampu za volti chache. Kama pampu yako ni ya 230V ya ukutani, nyaya hizo zisifike kabisa kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia nyaya bila kulehemu). Mpe fundi umeme afunge upande huo ndani ya boksi lake.

Hatua ya 1: Isome bodi inavyolalamika

Unganisha bodi na kompyuta, fungua Serial Monitor (dirisha la Arduino IDE linaloonyesha maandishi ya bodi) kwa kasi ya 115200, kisha lisababishe tatizo. Kila inapowaka, ESP32 huandika sababu ya kuwaka kwake kabla programu yako haijaanza. Tafuta mstari unaoanza na "rst:".

Ukiona "Brownout detector was triggered" au "rst:0xf", volteji ya chipu ilishuka chini ya kiwango cha hatari, ambacho kwa mpangilio wa kawaida ni takriban 2.43V. Umepata jibu la nusu: ni umeme. Nenda hatua ya 2.

Ukiona "rst:0x1 (POWERON_RESET)", ama umeme ulikatika kabisa, ama pini ya EN (inayowasha na kuzima chipu) ilivutwa chini kwa kitambo kidogo. Kitufe cha EN nacho hutoa ujumbe huu huu. Kwenye mradi wenye mota, cheche za mota zinaweza kuigusa EN bila mtu kubonyeza kitu.

"Guru Meditation Error" ikifuatwa na "LoadProhibited" au "StoreProhibited" ni kosa la programu: umesoma au kuandika mahali pa kumbukumbu pasipo pako, mara nyingi kwa safu (array) iliyopitwa mipaka au kiashiria (pointer) kisichoelekezwa popote. Ujumbe wenye "wdt" au "watchdog" maana yake programu imekwama mahali bila kupumua, kwa mfano kitanzi kinachosubiri sensa ambayo haitajibu kamwe. Hayo mawili hayaponi kwa kapasita.

Shida inakuja mradi ukiwa bustanini kwenye chaja, mbali na kompyuta. Na ukileta kompyuta umebadilisha chanzo cha umeme, kwa hiyo tatizo linaweza kujificha. Usiunganishe USB ya kompyuta huku chaja inaingiza 5V kwenye VIN (pini ya kuingizia umeme), isipokuwa umehakikisha bodi yako ina dayodi ya kutenganisha vyanzo hivyo viwili, maana baadhi ya bodi za bei nafuu hazina. Njia salama ni kuifanya bodi ijiwekee hesabu yenyewe:

```
#include <Preferences.h>
Preferences daftari;

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  daftari.begin("sababu", false);
  char jina[5];
  snprintf(jina, sizeof(jina), "s%d", (int)esp_reset_reason());
  daftari.putUInt(jina, daftari.getUInt(jina, 0) + 1);
  for (int i = 0; i <= 10; i++) {
    snprintf(jina, sizeof(jina), "s%d", i);
    Serial.printf("%d: %u\n", i, daftari.getUInt(jina, 0));
  }
}
```

Iache siku moja, kisha ilete kwenye kompyuta usome hesabu. Namba 9 ni volteji kushuka, 1 ni kuwashwa upya kabisa, 4 ni programu kuanguka, 5 hadi 7 ni programu kukwama. Ongeza mistari hii kwenye mradi wowote utakaokaa mbali na meza yako. Inaokoa kubahatisha kwingi.

Hatua ya 2: Pima mzigo ukiwa unafanya kazi

Kupima 5V wakati pampu imezimwa hakukuambii chochote. Weka mita kwenye 20V DC, waya mwekundu uwe kwenye tundu la VΩ. Ukiwa umeusahau kwenye tundu la 10A, utapiga shoti chanzo cha umeme kupitia mita. Ncha nyeusi igonge GND (graundi, upande hasi) ya bodi, nyekundu VIN (bodi nyingine zimeandikwa 5V). Soma kwanza kila kitu kikiwa kimepumzika, kisha pampu ikizunguka. Rudia kwenye pini ya 3V3.

Kwenye VIN tarajia 4.8 hadi 5.1V. Ikishuka chini ya 4.5V pampu ikizunguka, umeshapata kosa. Sababu ni kirekebisha volteji kilicho kwenye bodi nyingi hizi, AMS1117-3.3, ambacho huhitaji takriban volti moja na ushee juu ya 3.3V ili kifanye kazi yake mkondo ukiwa mkubwa. Ukimpa 4.3V, kile kinachotoka si 3.3V tena. Moduli ya ESP32-WROOM-32 yenyewe imeandikiwa 3.0 hadi 3.6V.

Hapo pia ndipo inapoanguka miradi ya betri ya 18650 iliyochomekwa moja kwa moja kwenye VIN. Betri iliyojaa ni 4.2V. Toa 1.1V, inabaki 3.1V. Ikifika 3.7V, chipu inabaki na 2.6V, na Wi-Fi ikianza kurusha tu inazimika. Betri hiyo inahitaji bodi ya kupandisha hadi 5V.

Sasa tahadhari ambayo huwapotosha watu: mita ya kawaida husoma mara mbili au tatu kwa sekunde. Mshuko wa milisekunde tano hautauona, na milisekunde tano zinatosha kuizima ESP32. Kwa hiyo ukisoma 4.2V, kosa limethibitika. Ukisoma 4.9V, bado hujathibitisha kwamba umeme ni mzuri, na hatua zinazofuata zinabaki.

Hatua ya 3: Tafuta volti zinapotelea wapi

Hiki ni kipimo ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachotoa majibu mengi kuliko vyote. Badala ya kupima kati ya chanya na graundi, pima kati ya ncha mbili za waya ule ule, pampu ikiwa inazunguka. Mita iwe kwenye 2V DC. Ncha nyekundu pale kebo ya chaja inapoingia kwenye bredibodi upande wa chanya, ncha nyeusi kwenye pini ya VIN yenyewe. Waya mzuri utasoma karibu sifuri, mathalani 0.02V. Ukisoma 0.3V, volti hizo zinaliwa njiani. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa graundi, kutoka pale kebo inapoingia hadi GND ya bodi. Upande wa graundi husahaulika, ingawa mkondo wote ulioingia hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Wanaokula volti ni hawa. Kwanza kebo ndefu na nyembamba ya USB. Waya wa 28 AWG (kipimo cha wembamba wa waya) una ukinzani wa takriban 0.21 Ω kwa mita, na mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita mbili ina karibu 0.85 Ω. Ikipita 1A, 0.85V inabaki ndani ya kebo, na 5V ya chaja inafika ikiwa 4.15V. Badilisha kwa kebo fupi na nene kabla hujailaumu chaja.

Pili ni bredibodi. Kwenye zile kubwa za matundu 830, reli za umeme za pembeni mara nyingi zimekatika katikati: mstari mwekundu au wa buluu ukiwa na mwanya, upande wa pili hauna umeme hadi uunganishe kwa waya. Vibano vya ndani navyo hulegea kwa kuchomekwa mara nyingi. Chomeka waya, uutikise kwa kidole huku unaangalia mita, namba ikicheza hamia tundu jingine.

Tatu ni nyaya za jampa. Nyingi ni nyembamba kuliko zinavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya unene ni plastiki. Zinafaa kupeleka ishara, hazifai kulisha mota. Na kwa wanaoishi pwani, hewa ya chumvi huzifanya ncha zake ziote kutu ya kijani, hasa mradi ukikaa nje bila boksi. Ncha ya namna hiyo usiisugue, itupe.

Kabla ya kuendelea, piga hesabu ya mahitaji. ESP32 ikirusha Wi-Fi huvuta kwa mikupuo, na Espressif, watengenezaji wa chipu hiyo, wanashauri chanzo kinachoweza kutoa angalau 500 mA. Koili ya rilei ya 5V huvuta takriban 70 mA. Pampu ndogo ya kuzama huvuta labda 200 mA ikishazunguka, ila sekunde ya kwanza ni habari nyingine: mota iliyosimama ni kipande cha waya tu. Ichomoe pampu, pima ukinzani wake kwa mita, ukizungusha kipangaboi kidogo kidogo kwa sababu usomaji hubadilika kulingana na brashi zilipokaa. Ukipata 5 Ω, basi kwenye 5V inaanza na 1A. Jumlisha na ESP32 na rilei, uone kama chaja iliyoandikwa 1A, au tundu la USB 2.0 la kompyuta lenye 500 mA, lina nafasi gani hapo.

Hatua ya 4: Tenga kipande kimoja kimoja

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio, na urudie kuwasha mara kumi kabla ya kuhukumu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na tatizo likaondoka, hutajua kilichoponya.

Jaribio la kwanza: chomoa waya wa IN (wa ishara ya kuiwasha) wa rilei kwenye bodi. Wi-Fi iendelee. Kama bado inajiwasha upya, pampu haihusiki. Tazama chaja, kebo, na joto la AMS1117. Ukiilisha VIN kwa 12V, kirekebisha volteji kinachoma (12 − 3.3) × 0.25A, yaani zaidi ya wati 2, kikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Dalili yake ni bodi kufanya kazi dakika kadhaa, kisha kujizima, kisha kufufuka ikipoa. Tumia kishusha volteji cha aina ya buck kuleta 5V.

Jaribio la pili: rudisha IN, ila chomoa waya wa pampu kwenye skrubu ya NO (kontakti inayofunga rilei ikiwashwa). Rilei ilie bila mzigo. Ikianguka hapa, koili ya 70 mA tu imetosha kuiangusha, maana yake chanzo kilikuwa ukingoni tayari. Au umeilisha rilei kutoka pini ya 3V3. Ihamishie 5V.

Jaribio la tatu ndilo linaloamua: pampu ipewe betri zake nne za AA, ipitie kontakti za rilei, bila waya wowote wa pampu kugusa 5V wala GND ya ESP32. Kontakti za rilei hazihitaji graundi ya pamoja. (Ukitumia transista au MOSFET badala ya rilei, graundi ya pamoja ni lazima, na bila hiyo pampu haitawaka au itawaka ovyo.) Tatizo likikoma, ugonjwa ulikuwa kugawana umeme. Nenda sehemu ya kurekebisha mgao. Likiendelea hata pampu ikiwa na betri zake, ni cheche na mawimbi ya mota, na dawa yake ni tofauti.

Kurekebisha mgao wa umeme

Gawa njia pale pale chaja inapoingia: jozi moja ya nyaya nene kwenda kwa pampu na rilei, jozi nyingine kwenda VIN na GND za bodi. Pampu isichukue umeme kupitia bodi. Mtu anayechomeka USB kwenye bodi kisha akatoa 5V ya pampu kwenye pini ya VIN anapitisha mkondo wa mota ndani ya njia nyembamba za bodi na dayodi yake, na mshuko wote unamwangukia ESP32.

Kisha weka kapasita ya 1000 µF kati ya VIN na GND, karibu na bodi kadiri inavyowezekana. Mguu ulio upande wa mstari wa rangi tofauti ni hasi. Ukiigeuza huvimba na kupasuka. Isitarajiwe kufanya makubwa: mkondo wa 0.5A kwa milisekunde moja hushusha 1000 µF kwa 0.5V. Inatosha kufunika mikupuo mifupi ya Wi-Fi. Mota inayochukua milisekunde 50 kuanza haiwezi kufunikwa, kwa hiyo anayeongeza kapasita juu ya kapasita huku kebo ni ile ile ya mita mbili anapoteza pesa.

Kuna ushauri unaozunguka wa kuzima kigunduzi cha volteji kwa kuandika sifuri kwenye RTC_CNTL_BROWN_OUT_REG. Usifanye. Ujumbe utapotea, volteji itaendelea kushuka, na chipu itafanya kazi ikiwa haina uhakika: namba zisizoeleweka, kukwama, hata kuharibu data inapoandika kwenye flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu).

Kurekebisha cheche za mota

Funga dayodi ya 1N4007 kwenye miguu ya pampu yenyewe, si kwenye bredibodi. Upande wenye mstari uelekee chanya. Ukiigeuza, pampu ikiwashwa unapiga shoti. Pembeni yake weka 100 nF, pia kwenye miguu ya mota. Sokota nyaya mbili za pampu pamoja urefu wote, na uzipitishe mbali na waya wa sensa. Kama hesabu yako ya hatua ya 1 inaonyesha namba 1 badala ya 9, weka 100 nF nyingine kati ya EN na GND.

Pini: pale mradi unapokataa kuwaka kabisa

Hapa tatizo si kujizima. Ukiwasha umeme bodi inaandika "flash read err, 1000", au inasema "waiting for download" na kukaa. ESP32 husoma pini zake kadhaa za ishara (GPIO) wakati wa kuwaka ili kujua ianze vipi: GPIO0, 2, 5, 12 na 15. GPIO12 ikiwa juu wakati huo, chipu huamini flashi yake ni ya 1.8V, na flashi ya 3.3V haisomeki. Rilei nyingi za bei nafuu huwashwa kwa LOW (ishara ya 0V), na ndani yake IN huvutwa juu. Ukiichomeka kwenye GPIO12, umeifunga bodi. GPIO0 ikiwa chini, bodi inasubiri kupakiwa programu.

Ihamishie rilei kwenye GPIO25, 26, 27 au 33. Usiguse GPIO6 hadi 11, hizo ni za flashi. GPIO34, 35, 36 na 39 ni za kusoma tu na hazina vizuizi vya ndani vya kuvuta juu. Sensa ya unyevu yenye waya wa analogi iwe kwenye GPIO32 hadi 36 au 39, kwa sababu pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma analogi) kama GPIO4, 13 au 27 hazisomi analogi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Kosa hilo hufanana sana na sensa mbovu: inasoma vizuri kwenye mfano mdogo, inakufa ukiongeza Wi-Fi.

Na kama pampu inaruka kidogo kila bodi inapowaka, andika `digitalWrite(26, HIGH)` mara tu baada ya `pinMode(26, OUTPUT)`, kisha weka rezista ya 10 kΩ kati ya pini hiyo na 3V3.

Kuhakikisha

Andika programu fupi inayowasha pampu sekunde tano, kuizima sekunde kumi, mara mia moja, huku Wi-Fi ikituma data muda wote. Pampu iwe ndani ya ndoo ya maji, kwa sababu ikizunguka kavu huungua na mzigo wake si ule wa kweli. Futa hesabu ya daftari kwa `daftari.clear()` kabla ya kuanza, kisha uutoe mstari huo na upakie programu tena, la sivyo kila kuwaka kutaufuta ushahidi. Chomeka kwenye chaja na kebo zitakazotumika bustanini, si za mezani. Baada ya dakika 25, soma: namba 9 iwe sifuri, na namba 1 iwe sawa na mara ulizoiwasha mwenyewe (kuchomeka, kubonyeza EN na kupakia programu vyote huhesabiwa). Ikiwa hivyo, hamisha nyaya kutoka bredibodi kwenda bodi ya matundu, ulehemu kila kiungo kwa risasi, na upime tena mshuko wa waya wa graundi kabla ya kufunga boksi.